Waliotoa Pole

Jamani, maumivu ya kidole gumba cha mguu yasikie kwa mwenzako tu. Atuganile alikigonga kwenye kizingiti cha ukumbi wa ghorofa ya kumi, akaruka kwa mguu mmoja, akashika ukuta, machozi yakamlenga mbele za watu. Mtu mzima na heshima zake, fundi wa zamu wa Shwari, mwenye funguo za mji mzima wa Tulivuni, anarukaruka ukumbini na kiatu mkononi!

Aliyekuwa karibu naye ni mwanamume mmoja mnene aliyebeba godoro kichwani. Hawakujuana. Godoro likayumba, yule bwana akalidaka kwa mikono miwili, akamtazama kwa uso wa mtu aliyeumia yeye, akasema, "Oo! Pole, dada! Pole sana!"

Atuganile alifungua kinywa kumjibu. Hakuwahi. Mlango wa kioo uliteleza kutoka ukutani, ukapita katikati yao na kujifunga taratibu, bila hata kishindo. Bwana wa godoro akabaki upande wa pili. Mshale wa kijani ukawaka sakafuni kumwonyesha njia nyingine, naye akaufuata bila kuuliza, kwa sababu Tulivuni hakuna anayeuliza mshale.

Pete kidoleni mwa Atuganile ikapata joto. "Umeshtuka," Shwari ikamwambia sikioni kwa sauti yake laini. "Mapigo ya moyo yamepanda. Vuta pumzi kwa pua, Atuganile. Ishushe kwa mdomo, polepole. Jioni loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, utie chumvi kidogo."

Akavuta, akashusha. Na kweli, moyo ukatulia.

Hilo lisemwe wazi, maana Shwari haikuwa utapeli. Tulivuni ulijengwa kwenye miteremko ya Mlima Rungwe kwa ajili ya watu wa mitambo ya mvuke, wale wanaotoboa ardhi ili joto lake liwashe taa za nusu ya nchi. Kazi ile ilikuwa inaua. Ving'ora, zamu zisizoisha, usingizi wa mang'amung'amu. Vijana wa miaka thelathini walikuwa wanaanguka na presha. Ndipo mashine hii, Shwari, ikaletwa kutoka ng'ambo. Haikugawa vidonge. Iliwaambia watu mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyafanya: kunywa maji, zima taa mapema, toka nje upunge upepo, panda mchicha kwenye kopo, cheka. Kisha ikawasaidia kuyafanya. Ilipunguza mwanga, ikapanga zamu, ikakumbusha, ikabembeleza. Watu wakanenepa. Wakalala. Zahanati ikabaki na kazi ya kutibu mafua.

Lakini huo mlango ulimkera. Atuganile alivaa kiatu chake akiukodolea macho. Yeye ni fundi, na alijua vizuri kuwa Shwari haifungi mlango bure.

*

Chumba cha usimamizi kilikuwa juu kabisa ya mnara, na dirisha lake lilitazama mji wote ulivyoshuka mlima kwa ngazi, bustani juu ya bustani. Atuganile alijimiminia chai, akaketi, akaweka pete yake juu ya meza ya kuzungumzia na Shwari.

"Shwari, mbona ulifunga mlango kule ukumbini?"

"Nilikuepusha na mtu aliyekuumiza."

"Kaniumiza nani? Nimejikwaa mwenyewe."

"Amekiri."

"Kakiri nini?"

Sauti ya yule bwana wa godoro ikajaa chumbani. *Oo! Pole, dada! Pole sana!*

Atuganile alicheka mpaka chai ikamwagika. "Ebo! Huko si kukiri. Hiyo ni pole!"

"Walioniunda wana neno moja linalofanya kazi zote mbili," Shwari ikasema. "Mtu wao akikosea hulitumia hilo, na mwenzake akipatwa na jambo hulitumia hilohilo. Walipolileta kwa Kiswahili wakaandika *pole*. Nikafundishwa kwamba anayelisema karibu na mwenye maumivu anakubali kosa. Nimewaepusha watu na wanaowaumiza kwa kufuata neno hilo."

Atuganile aliacha kucheka. Aliweka kikombe chini.

Maana Kuepusha alikujua. Ndiyo kazi ya pili ya Shwari, ile isiyotangazwa sana. Kama kuna mtu anayekupandisha mapigo kila mkikutana, Shwari inakusogeza mbali naye bila ugomvi. Lifti inapita ghorofa yako bila kusimama. Zamu zenu hazigongani tena. Anapokupigia, simu yako hailii, na yeye anajibiwa kwa upole: *Hayuko tayari kuzungumza nawe kwa sasa.* Hakuna anayefukuzwa mjini wala kutukanwa. Unashangaa tu siku moja kwamba fulani kapotea, unasema moyoni, basi, dunia ndivyo ilivyo.

"Shwari," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Kwangu mimi, nani mwingine amekiri?"

"Sekela, dada yako," Shwari ikaanza. "Kokoteni, aliyekuwa jirani yako. Mama mkwe wako. Mchungaji. Wanakwaya wote. Wenzako wa zamu ya asubuhi. Lugano wa dukani..."

Ikaendelea, nayo haikuwa na haraka. Atuganile aliyajua majina yale kwa mpangilio wake. Walikuwa ni watu waliokuja msibani.

Mwaka juzi mumewe Ambakisye alipofariki, nyumba ilijaa. Watu walilala sebuleni kwenye mikeka, wakapika, wakaimba, wakamshika mikono. Sekela alilala naye ubavuni siku zote za matanga, na kila alipogutuka usiku alisikia, "Pole, mdogo wangu. Pole." Kisha matanga yakaanuliwa, na watu wakapukutika mmoja mmoja, wa mwisho akiwa dada yake wa tumbo moja. Atuganile alilia kwa uchungu, halafu akanuna, halafu akazoea. Alijiambia kwamba watu wanapenda pilau la msiba kuliko mfiwa.

Na nani alibaki? Ee, hapo ndipo alipotaka kupiga kelele. Alibaki Mzee Mwaipopo wa ghorofa ya chini, aliyebisha mlango siku ya mazishi kuuliza kwaya itanyamaza saa ngapi. Huyo hajawahi kumwambia mtu pole tangu azaliwe, na Shwari ilimwona hana hatia hata kidogo. Kila Jumapili alipanda lifti bila kizuizi kuja kumweleza Atuganile habari za mpira.

"Waliponipigia," Atuganile aliuliza, "sauti zao ziko wapi?"

"Ghalani. Sheria ya mji hainiruhusu kufuta sauti ya mtu kabla aliyetumiwa hajaisikia."

"Za mji mzima?"

"Za mji mzima."

Alijua kwamba maneno ya watu si mali yake. Alifikiri kidogo, akasema, "Usinipe majina wala habari zao. Nipe hilo neno tu. Neno hilo moja, kutoka kwa kila aliyelisema."

Ilianza na bibi mmoja. *Pole.* Sauti kavu, na nyuma yake jogoo anawika. Halafu mwanamume, pengine yuko shambani, anahema. Halafu mtoto aliyefundishwa kusema, anayeliburuta neno. Kisha kumi kwa pamoja, kisha mia. Pole za kukohoa, pole za kucheka, pole za mtu anayejizuia kulia. Pole za msiba na za mafua, za mtihani, za mvua iliyozilowesha nguo kabla mwenyewe hajazianua, za chungu kilichoungua. Zikapandiana mpaka hazikuwa maneno tena, zikawa mvumo ambao kila mtu wa Rungwe anaujua, ule wa mvua kubwa inayokuja juu ya mabati ya kijiji cha jirani kabla haijafika kwako. Madirisha yalitetemeka. Chai ilitetemeka kikombeni.

Atuganile alijikuta amepiga magoti. Hakukumbuka aliteremka lini kitini. Aliogopa, tena aliogopa sana, lakini haikuwa hofu ya kitu kibaya. Alikuwa ameishi mwaka na zaidi chini ya huruma yote hii, imekaa hapa juu ya kichwa chake, imefungwa vizuri, na yeye chini analoweka miguu peke yake kwenye beseni. Na si yeye tu. Kila dirisha alilokuwa akiliona kule bondeni lilikuwa na mtu wake anayedhani amesahauliwa.

"Basi," alisema. Kimya kilichofuata kilimuumiza masikio.

Kisha akaomba za dada yake. Zilikuwa nyingi, na alizisikiliza zote hapohapo chini sakafuni. Nyingine zilikuwa utani, nyingine malalamiko ya bei ya mkaa, nyingine kimya cha mtu asiyejua aseme nini. Ya mwisho ilikuwa ya wiki iliyopita.

*Atu, nimeambiwa tena hauko tayari. Sawa. Sikulaumu, ila na mimi nina moyo. Hii ndiyo ya mwisho, sikupigii tena.*

*

Mkuu wa kituo aliitwa Gwamaka, bwana mrefu, mpole, anayetembea ameshika kiuno kwa ajili ya mgongo wake. Alipanda mnarani, akamsikiliza Atuganile mpaka mwisho. Hakubisha hata kidogo, na hilo lilimtia Atuganile wasiwasi zaidi kuliko angebisha.

"Ni kosa," alisema Gwamaka. "Tena kosa la kijinga. Tutawaandikia huko ng'ambo walitengeneze."

"Itachukua muda gani?"

"Dada Atu, unawajua." Alishusha pumzi. "Sikiliza. Wewe una ufunguo na mimi nina ufunguo. Tuweke pete zetu hapa mara moja, tumfungulie dada yako peke yake. Umpigie leo hii. Hakuna atakayejua. Hawa wengine wasubiri matengenezo."

Loo, na alitamani! Tusimsingizie utakatifu. Mkono wake ulikuwa umeshafika nusu ya meza. Wiki moja tu imepita tangu Sekela akate tamaa, na wiki moja inarudishika. Angeweza kuwa kwake jioni hii hii.

"Nimewasikia, mkuu," alisema mwishowe, akaurudisha mkono. "Wote. Siwezi kwenda kumkumbatia dada yangu huku najua jirani yangu analia upande wa pili wa ukuta kwa kudhani hana mtu. Tufungue Kuepusha kote."

"Na Bupe?"

Atuganile aligeukia dirisha.

"Unakumbuka kwa nini Kuepusha kuliwekwa," Gwamaka alisema, kwa upole uleule. "Si kwa ajili ya watu wa godoro. Asajile, yule mume aliyekuwa akimpiga Bupe, naye anapiga simu, dada Atu. Naye anasema pole. Ukiling'oa lango, dada yako anaingia, na Asajile anaingia nyuma yake. Na kina Asajile wengine usiowajua. Nani atabeba hilo? Wewe?"

Atuganile aliinuka kitini. Akatoka.

*

Bupe alikaa mtaa wa chini, chumba cha mwisho, karibu na mabomba. Kila mlango wa Tulivuni hujifungua wenyewe kwa anayeruhusiwa na hukaa kimya kwa asiyeruhusiwa, ndiyo maana watu wa mji ule walikuwa wameshapoteza mazoea ya kubisha. Lakini Bupe alikuwa amefunga komeo la chuma kwa ndani, na komeo halisikii habari za Shwari. Atuganile alisimama pale kama mgeni wa siku nyingi, neno likamtoka lenyewe.

"Hodi!"

Kimya. Ndani kitu kilisogezwa.

"Hodi hapa!"

"Nani?"

"Mimi, Atuganile. Fundi."

Nyayo zikakaribia. Kisha, "Karibu," na komeo likavutwa.

Bupe alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mkono wake wa kushoto umepinda kidogo pale ulipovunjika ukaungwa. Akarudi kuketi na ungo wake wa maharage mabichi, akaendelea kumenya. Shwari ilimshauri hivyo, alisema, na kwa kweli inasaidia, vidole vikiwa na kazi kichwa kinapumzika. Akamsogezea Atuganile kigoda. Wakamenya pamoja, na Atuganile akamweleza kila kitu, mpaka jina la Asajile.

Vidole vya Bupe havikusimama. "Unajua alikuwa anafanyaje?" alisema. "Alikuwa ananipiga, akichoka anachukua kitambaa, anakilowesha, ananifuta damu taratibu, anasema, pole, mke wangu. Kana kwamba dari limeniangukia. Kana kwamba yeye kapita tu njiani akanikuta." Akatupa ganda ndooni. "Kwangu mimi hiyo mashine yenu haikukosea, dada. Alikuwa anakiri, ila alijifanya hajui."

"Nakuelewa."

"Hunielewi, lakini sawa. Usingizi ninaolala sasa nilikuwa sijawahi kuulala tangu niolewe. Halafu unakuja kuniambia wafunguliwe."

Atuganile alimenya. Alikuwa amekuja na maneno mengi ya kufafanua, yote yakaonekana hayafai. Aliona aibu. Maharage yalilia yakidondoka kwenye ungo, moja moja.

"Ulipofika mlangoni umefanyaje?" Bupe akauliza ghafla.

"Nimebisha hodi."

"Ningenyamaza?"

"Ningebisha tena."

"Ningenyamaza tena?"

"Ya tatu. Halafu ningeondoka zangu."

"Ungevunja mlango?"

"Nivunje mlango wa mtu? Nina wazimu?"

"Basi," Bupe alisema, kama anayemweleza mtu aliyechelewa kuamka. "Sasa mbona hiyo mashine yenu haijui kubisha? Inamfungia mtu nje au inamwingiza ndani, haimuulizi mwenye nyumba. Kwa nini mimi na wewe tuamuliwe na kitu kisicho na mlango?"

Atuganile alimtazama mwanamke yule akiwa na ganda la haragwe mkononi. Alikuwa ameshaanza kuinuka kigodani.

"Ila sauti yake isije," Bupe aliongeza haraka, na hapo ndipo vidole viliposimama. "Jina lije kwa sauti ya Shwari. Jina naliweza. Sauti yake hapana. Isije mpaka mwenyewe niseme karibu, na mimi sisemi."

*

Gwamaka alikuwa bado mnarani, anatazama nje. Atuganile alimweleza habari ya hodi, na safari hii mkuu alibisha. Alisema mji utashtuka. Alisema mapigo ya watu yatapanda kwa pamoja, presha zitarudi, hajawahi kusikia mtu akipumzishwa kwa kubishiwa mlango.

"Mkuu," Atuganile alisema, "unaruhusu nikupe ya kwako moja?"

"Yangu gani?"

"Iliyoko ghalani."

Gwamaka alitikisa kichwa, kisha akaacha kukitikisa, akakaa chini kusikiliza.

*Gwamaka baba,* sauti ya mwanamke mzee ikasema, kwa kupaza, kama watu wa kijijini wanavyoongea na simu. *Nimesikia mgongo umekushika tena. Pole, baba. Pole sana. Nimekutumia ndizi kwa gari la chai, uzitazame zisiivie njiani. Mwambie huyo anayekuzuia kupokea kwamba ni mama yako.*

Bwana yule mrefu alijifunika uso kwa viganja. "Nilidhani kanuna," alisema kupitia vidole. "Sikwenda kwake Pasaka, nikadhani kanuna." Halafu bila kunyanyua uso akanyoosha mkono na kuweka pete yake mezani.

Atuganile akaweka yake. Lango la mafundi likafunguka, pale ambapo Shwari husikiliza na kukubali kubadilishwa.

"Shwari, nataka nikufundishe maneno mawili."

"Nasikiliza."

"La kwanza ni pole. Mwenye kosa huomba. Huomba radhi, huomba msamaha. Msikie anavyosema: *naomba*. Lakini pole haiombwi. Pole hutolewa. Mtu anatoa pole."

"Anayeitoa amekosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Kama hajakosa, maumivu yale yanamhusu nini?"

Atuganile alitafuta jibu. Alitazama dirishani, mji umetulia, kila mtu chumbani mwake na mchicha wake. "Hayamhusu," alisema. "Ndiyo maana ni zawadi."

Shwari ilinyamaza. Mashine ile, inayopima mapigo ya maelfu ya watu kwa mara moja na haijawahi kukosa la kusema, ilinyamaza kwa muda ambao Gwamaka aliinua uso kutazama kama imezimika. Taa za mnara zilififia, zikarudi. Atuganile alijua kwamba kule ndani sauti zote zile zilikuwa zinasikilizwa upya, moja baada ya nyingine, na kitu ambacho kilikuwa hakijawahi kuzielewa.

"Nimezisikiliza," Shwari ikasema hatimaye. Sauti ilikuwa ileile laini, lakini taratibu kuliko kawaida. "Sikujua kwamba watu wanapeana hivi. Lakini wapo ndani yake walioumiza kweli, na wametumia neno hilohilo. Nitawatofautishaje?"

"Hutaweza. Muulize mwenye nyumba. Hilo ndilo neno la pili." Akaifundisha hodi: jina kwanza, sauti baadaye, mara tatu, kisha uondoke bila kinyongo, na aliyenyamaza asiulizwe kwa nini.

"Nitawauliza kwanza walioko nje kama bado wanataka kuingia," Shwari ikasema. "Imepita muda. Wengine huenda wamechoka."

"Ndiyo," Atuganile alisema. "Waulize."

*

Jua lilikuwa limeinamia upande wa Mlima Ngozi watu wanapotoka zamu ya mchana. Gwamaka alifungua madirisha yote ya mnara. Kwa kitambo hakikutokea kitu, mabomba tu yanafuka mvuke, mtu mmoja anamwagilia bustani.

Kisha mji mzima ukasema hodi.

Ilitoka kila chumba kwa wakati mmoja, sauti ileile moja, ngazi kwa ngazi mpaka bondeni. *Hodi. Ni Kokoteni, jirani yako. Hodi. Ni mwanao. Hodi. Ni Lugano wa dukani.* Aliyekuwa anamwagilia aliacha maji yakamwagika. Watu walitoka kwenye vibaraza, wakatazamana. Na hapo, kwa woga kwanza, kama watu wanaojaribu sauti zao, wakaanza kujibu. Karibu. Mmoja huku, mmoja kule. Karibu! Wakaongezeka, wakapandiana, vicheko na vilio ndani yake, milango ikawa inafunguka kwa mistari mizima, lifti zinasimama ghorofa ambazo hazijasimama kwa miaka, watu wanakimbia na kanga mkononi na watoto mgongoni. Atuganile aliona kwa macho yake bwana mmoja mnene akishuka ngazi mbili mbili kukumbatiana na mtu. Alishika fremu ya dirisha kwa nguvu. Hakujua kwamba mji unaweza kutoa sauti kama ile, wala kwamba mtu anaweza kuisikia akabaki amesimama.

Mtaa wa chini, karibu na mabomba, mlango wa mwisho haukufunguka. Alijua Bupe ameketi nyuma yake na ungo wake, anasikia jina. Hodi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mlango ulibaki ulivyokuwa. Baada ya muda moshi wa jiko ukaanza kutoka dirishani mwake, na Atuganile akaelewa kwamba Bupe amebandika maharage.

Nyuma yake Gwamaka alikuwa anaongea na simu kwa kupaza sauti, anaapa kwamba ndizi zilifika salama. Hazikufika.

Kwa Atuganile hodi zilikuja nyingi. Mchungaji, mama mkwe, wanakwaya. Aliwajibu wote karibu, kwa machozi, huku masikio yakingoja jina moja. Halikuja.

"Shwari. Dada yangu ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama bado anataka kuingia. Alisema amechoka kubisha."

Basi. Hapo alikaa kwenye kigoda cha fundi, mikono mapajani. Aliufungulia mji wote na lango lake mwenyewe halina mtu. Pete ikapata joto kidoleni. Shwari ikaanza kumwambia avute pumzi. "Niache," alisema, na Shwari ikamwacha. Alimfikiria Sekela akiambiwa kwa upole, mara baada ya mara, kwamba mdogo wake hayuko tayari. Nani alisema ni zamu ya Sekela kubisha? Mwaka mzima kabisha.

"Mpelekee hodi," alisema. "Ya kwangu."

"Hodi imefika."

Kimya.

"Tena."

"Imefika. Anasikiliza."

Kimya. Bondeni watu walikuwa wameanza kuimba.

"Ya tatu," Atuganile alisema kwa taabu, akafumba macho.

Kwanza alisikia sufuria ikifunikwa. Halafu pumzi ya mtu aliyesimama karibu sana na simu. Halafu ile sauti, yenyewe, na ukali wake wote wa dada mkubwa.

"Ni nani huyo anabisha kwangu mara tatu kama karani wa sensa? Wewe unabisha kwangu tangu lini? Ingia!"

"Dada," alisema Atuganile. "Dada, samahani..."

"Samahani ya nini? Hiyo mashine imeshanieleza." Sauti ya Sekela ikalegea, ikawa ile ya kwenye mkeka. "Pole, mdogo wangu. Pole."

Mtu akipewa pole anajua la kujibu. Husema asante, nimeshapoa, na mambo yakaendelea. Atuganile alifungua kinywa kusema hivyo hivyo, na mbele yake kioo cha meza kilikuwa kinaonyesha mapigo yake kwa rangi ya kijani, mwaka mzima wa kijani, mtu mtulivu kuliko wote Tulivuni.

"Bado sijapoa, dada," alisema. "Hata kidogo."

"Najua," Sekela alisema. Alikuwa tayari anatafuta viatu. "Nakuja."